Kutoka Ndia Kuu hadi Kengeleni

Anayetaka kuelewa jinsi watu walivyotawanyika hadi pwani hii aanzie Mji wa Kale wa Mombasa, jua halijawa kali. Niliingia kwa Ndia Kuu. Fort Jesus niliipita tu: Wareno waliianza 1593, Waomani wakaiteka 1698, na maelezo yake yamejaa kila mahali.

Ukikaribishwa kwenye nyumba ya zamani, tazama dari. Boriti za mikoko zimelazwa karibukaribu, juu yake matumbawe na chokaa. Boriti haifiki mbali, ndiyo maana vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wa meta 3 hivi. Majahazi yalipakia boriti hizohizo hadi Ghuba ya Uajemi, kulikokosa miti, na vyumba vya huko vikawa vyembamba vilevile.

Bandari ya Kale iko hatua chache tu, chini. Hapa upepo ndio ulioamua nani akae. Kaskazi, Desemba hadi Machi, ilileta tende, samaki wa chumvi na watu wa Hadhramaut (Yemen) na Omani. Kusi iliwarudisha kuanzia Aprili. Lakini Juni na Julai kusi huchafua bahari. Nahodha aliyechelewa kupakia alingoja hadi Agosti, na mabaharia wenye kungoja huoa.

Wahindi ni habari nyingine, na hapa wengi huchanganya. Reli iliyoanzia Mombasa 1896 ilileta vibarua kama 32,000 kutoka India, wengi wa Punjab, kwa mkataba wa miaka 3. Kama 2,500 walifariki. Wengi waliosalia walirudi kwao. Wenye maduka wa Kigujarati kwa kawaida walijilipia nauli, na baadhi walitangulia reli. Kwa hiyo usimwambie kila Mhindi wa Biashara Street kwamba babu yake alilaza mataruma.

Tuktuk ilinivusha daraja la Nyali hadi Kengeleni, mahali palipopewa jina na kengele ya Freretown, makao ya watumwa waliokombolewa, yaliyoanzishwa na wamisionari 1875. Hawa hawakuwa na kusi ya kuwarudisha. Baadhi yao walinaswa wakiwa watoto, manowari za Waingereza zikawaokoa baharini, wakalelewa na kufunzwa ufundi Nasik, India, ndipo wakaletwa Mombasa, ambako hawakuwa na ndugu. Mmoja wao, William Jones, alikuwa Myao. Kwao ni mbali kusini. Mwaka 1885 alifuatana na Askofu Hannington kuelekea Uganda, na askofu alipouawa Busoga, Jones ndiye aliyewarudisha wapagazi walionusurika hadi Rabai.

Rabai kuna makumbusho madogo. Panda matatu ya Mazeras, kisha bodaboda.