Januari ya Fundi Cherehani: Siku Moja Kihonda, Morogoro

Saa kumi na moja alfajiri

Januari ni mwezi ambao fundi wa sare za shule hulala kidogo na mzazi huhesabu kila shilingi, kwa hiyo uamuzi wowote wa fedha unaofanywa mwezi huu huonekana matokeo yake kabla ya mwezi kwisha. Siku yangu huanza jikoni, kwa sababu chakula cha mchana cha watu watano hupikwa kabla sijatoka nyumbani. Maharage huwa yamelowekwa tangu usiku. Ninamwaga maji ya kulowekea, ninaweka mapya na kuyaacha yachemke kwa nguvu kabla ya kupunguza moto. Hatua hiyo ya kuchemsha si ya kurukwa, kwa kuwa maharage mekundu yasiyochemka vizuri yana sumu ya asili inayoumiza tumbo.

Yakishaanza kulainika, ninayaondoa jikoni yangali yanatokota, ninafunika sufuria sawasawa na kuitumbukiza katika kapu kubwa ambalo nimelishindilia mabaki ya vitambaa kutoka kazini. Joto haliponyoki kirahisi, na maharage huendelea kuiva yenyewe bila moto. Mabaki hayo mafundi wengi huyachoma au kuyatupa jalalani. Kwangu yameufanya mtungi wa gesi wa kilo 6 udumu zaidi, na mama yangu, ambaye hubaki nyumbani, halazimiki kukaa akiangalia moto.

Mama ana presha, na ndiye aliyenifanya nianze kutazama chumvi na sukari kwa jicho la hesabu. Kijiko cha chai cha sukari kina takribani gramu 4. Mtu anayekunywa vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja kwa vijiko vitatu, amekula gramu 36 kabla hajagusa soda wala andazi, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana abaki chini ya 25. Sisi hatukuacha sukari; tulipunguza kijiko kimoja, kisha baada ya ulimi kuzoea tukapunguza kingine. Fedha iliyookolewa hapo ni ndogo, na nisingependa kuipamba. Faida yake iko kwingine.

Saa moja asubuhi

Kabla ya kushona chochote, mimi na binti ninayemfundisha kazi tunasafisha cherehani. Tunafungua kibati kilicho chini ya sindano, tunaondoa kwa brashi vumbi la nyuzi lililojikusanya katikati ya meno yanayosukuma kitambaa, tunatoa bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, na kufuta nafasi yake, kisha tunadondosha mafuta katika matundu yaliyowekwa kwa kazi hiyo. Mafuta ni ya cherehani. Yapo maduka ya chakula ambako mafuta ya kupikia hupimwa kwa kipimo kidogo cha bei ya chini, na baadhi ya mafundi huyatumia, lakini mafuta ya kula yakikaa kwenye chuma huganda na kunata, na mashine iliyonata humlazimu mtu kumwita fundi wa kuifumua yote.

Leo cherehani ya binti ilikuwa inaruka mishono. Akaniambia, "Mama, hii imeharibika, tumwite fundi." Nilimwomba afuate mpangilio wetu wa siku zote: kwanza abadilishe sindano, pili avute uzi wote na kuupitisha upya, tatu asafishe, nne aguse skrubu ya kukaza uzi, na baada ya hapo ndipo tuzungumzie fundi. Sindano iliyotoka ilikuwa imepinda kiasi ambacho jicho halioni mpaka uilaze juu ya kioo. Tulikuwa tunashona kitambaa kizito cha bluu cha sketi kwa sindano namba 14. Tukaweka namba 16, na mishono ikakaa sawa. Ada ya fundi kuja kutazama tu ingenunua sindano za kutosha kufikia likizo ya Juni.

Saa tatu asubuhi

Wateja huingia kwa pamoja saa hizi. Mama mmoja mwenye watoto watatu wa shule ya msingi alinieleza kwamba sare zilizoshonwa tayari sokoni ni nafuu kuliko zangu. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa sababu bei ya siku ya kununua kweli ni nafuu. Nikamwonyesha sketi niliyokuwa nayo mezani na kumgeuzia upande wa ndani: pindo la chini lenye upana wa sentimita 8, na akiba ya kitambaa katika mishono ya pembeni. Mtoto akirefuka, pindo hilo hufumuliwa na kushushwa, na sketi ikaendelea kuvaliwa bila kununua nyingine. Sare nyingi za tayari hupindwa kidole kimoja tu, kwa kuwa kiwanda kinahesabu kitambaa na hakimhesabu mtoto anayekua.

"Basi nishonee mbili, ya tatu nitakuja mwisho wa mwezi, fundi," alisema. Nilikubali, lakini alilipa fedha yote ya kitambaa kabla sijakata. Hili silegezi hata kwa jirani. Malipo ya awali nayaandika katika safu mbili za daftari, moja ya kitambaa na vifungo, nyingine ya ufundi, na fedha ya safu ya kwanza hukaa katika laini nyingine ya simu ambayo haitumiki kwa matumizi ya nyumbani. Wengi wetu katika kazi hii huanguka kwa kula mtaji bila kujua: mteja wa leo hulipa, fedha yake inanunua mchele, na kitambaa chake kinasubiri malipo ya mteja wa kesho. Januari kila kitu huonekana kinakwenda vizuri kwa sababu wateja ni wengi. Februari ndiyo huumbua.

Saa tano asubuhi

Ovaloki, mashine ya kuzungushia kingo za kitambaa zisichanike nyuzi, iligoma katikati ya kazi. Mota ilinguruma, haikuzunguka, na harufu ya joto ikaanza kutoka. Nilizima swichi na kuchomoa plagi palepale, kwa maana mota inayonguruma bila kuzunguka huungua nyaya zake kwa muda mfupi, na hapo matengenezo ya bei ndogo hugeuka kuwa ya bei kubwa.

Fundi umeme alipokuja aliitazama na kushauri ninunue mota mpya, ya aina ile ya servo inayozunguka pale tu unapokanyaga padeli. Ushauri wake haukuwa mbaya. Mota ya zamani ya klachi huzunguka muda wote ambao swichi imewashwa, hata kama mshonaji anapiga soga, na kwa hiyo inakula umeme bila kushona. Hata hivyo nilimwomba, "Kaka, tuanze na kapasita, kisha tuzungumze mota." Mota inayonguruma lakini ikaanza kuzunguka gurudumu lake likisukumwa, mara nyingi shida yake ni kapasita, kile kikopo kinachoisaidia kupata nguvu ya kuanzia. Alifungua kifuniko, akagusanisha miguu ya kapasita kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki ili imwage umeme uliosalia ndani, akaitoa. Ilikuwa imevimba upande mmoja. Tulinunua nyingine yenye maikrofaradi zilezile zilizoandikwa kwenye ile ya zamani na volti zisizopungua, na kabla ya saa sita ovaloki ilikuwa inafanya kazi.

Suala la servo halikuishia hapo, kwa sababu hoja ya umeme ilikuwa ya kweli. Mota iliyoandikwa wati 400 ikifanya kazi kwa nguvu hiyo saa nane hutumia uniti 3.2. Ikizunguka bure hutumia pungufu ya hapo, lakini si sifuri. Nikamuuliza binti ovaloki inagusa kitambaa kwa muda gani hasa katika siku nzima, naye akanijibu kwamba tunakata sketi moja, tunaipitisha, tunaizungusha kwenye cherehani, kisha tunarudi kukata nyingine, huku mota ikiwa imewashwa wakati wote. Kwa hiyo tulibadilisha mpangilio badala ya mota: vitambaa vya siku vinakatwa vyote, vinapitishwa ovaloki kwa mkupuo mmoja, na swichi inazimwa. Sehemu kubwa ya kile ambacho servo ingeokoa, tumekiokoa bila kununua chochote.

Saa sita mchana

Bodaboda ilinipeleka stendi ya Msamvu kuchukua furushi la zipu na vitambaa lililotumwa kwa basi kutoka Kariakoo. Msambazaji nilimlipa kwa lipa namba. Sitoi fedha kwa wakala ili nikamkabidhi mtu noti mkononi ikiwa njia ya moja kwa moja ipo, na ninapolazimika kutoa, natoa mara moja kiasi cha juma zima, kwa sababu ada hupangwa kwa viwango na kutoa kidogo kidogo huzirundika.

Saa saba mchana

Tunakula ugali wa dona, maharage, mchicha na dagaa. Dagaa huliwa wazima pamoja na mifupa, na kwa hiyo wana madini ya chokaa ambayo minofu ya samaki haina kwa kiwango hicho. Embe hufuata, kwa kuwa huu ndio msimu wake na bei iko chini.

Kuhusu dona nina neno zaidi. Wanaoisifu husema, na ni kweli, kwamba sembe iliyokobolewa imepoteza ganda na kiini, na pamoja navyo nyuzinyuzi, mafuta mazuri na sehemu kubwa ya vitamini za kundi B. Jambo wasilolitaja ni kwamba ukisaga punje nzima unakula pia kilicho juu ya punje hiyo. Sumukuvu, ambayo hutengenezwa na kuvu wa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, hukaa zaidi katika ganda na kiini. Kukoboa huipunguza, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kwa hiyo mwenye kutaka dona lazima awe mkali wa mahindi kuliko mla sembe: achambue punje zilizobadilika rangi au kuliwa na wadudu, aanike juu ya turubai na si juu ya udongo, na akatae gunia la bei ya kutupa linalonuka uvundo. Mahindi ya namna hiyo hata kuku wangu siwapi.

Saa tisa alasiri

Kupiga pasi. Pasi ya wati 1,000 inayofanya kazi mfululizo kwa saa moja ni uniti moja kamili, na hapa ndipo LUKU yetu, umeme tunaoulipia kabla ya kuutumia, inapokwenda. Binti aliwahi kupendekeza tupige pasi nyumbani, ambako uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, ilhali kazini ni 292. Hesabu hiyo inasahau kwamba bei ya nyumbani ni kwa matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Sare za watu zingetuvusha haraka. Tunapiga pasi kazini, mara moja kwa siku, tukianza na vitambaa vyepesi wakati pasi inapanda joto na kumaliza navyo baada ya kuizima.

Saa kumi na mbili jioni

Kikoba chetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, hukutana leo. Mwanachama mmoja alikuwa amefuatwa na watu wa mikopo ya kausha damu, wanaotoa fedha kwa dakika chache na kudai marejesho kila siku. Tulipiga hesabu pamoja naye, tukijumlisha ada ya fomu na faini za kuchelewa, kisha tukampa mkopo wa kikundi, ambao riba yake hurudi kwetu sote mwisho wa mzunguko.

Mimi nilikuwa nimekusudia kuomba mkopo wa mota ya servo. Sikuomba. Nilimpigia simu fundi umeme na kumweleza kwamba asiiagize, na fedha niliyokuwa nimeanza kuitenga kwa ajili hiyo nimeigawa mara mbili: sehemu imeingia kwenye hisa zangu za kikoba, na sehemu inasubiri mwezi wa saba, mahindi mapya yatakapokuwa yamefika sokoni yakiwa makavu na bei ikiwa imeshuka, ninunue magunia ya mwaka mzima.