Siku moja maishani mwangu: kung'oa betri zilizokufa

Saa 11:20 alfajiri

Kimara bado giza. Chai ya tangawizi iko jikoni, watoto wamelala, simu haijaanza kulia. Leo nimepewa siku nzima bila kikao hata kimoja, na yote nimeitengea kazi moja: kuuhamisha mfumo wa akiba na mikopo wa SACCOS moja ya walimu, kutoka toleo la 3.9 la Python, lugha ya kuandikia programu, kwenda 3.13.

Python 3.9 ilifika mwisho wa kuhudumiwa Oktoba 2025. Tundu la usalama likigunduliwa humo leo, hakuna wa kuliziba. Na ndani ya mfumo huu mna akiba za watu walioshika chaki miaka 30. Nyumba yenye mali za watu hailazwi mlango wazi.

Ugumu ni kwamba mfumo wenyewe umeegemea moduli, yaani vipande vya msimbo vinavyokuja na lugha, ambazo 3.13 haina tena. Python ilijipatia sifa kwa kuja na kila kitu: ukinunua redio, betri zimo ndani ya boksi. Mwaka 2019 Christian Heimes na Brett Cannon waliandika pendekezo nambari 594, la kuziondoa betri walizosema zimekufa: moduli za zamani zisizo na mtunzaji, au zenye njia mbadala iliyo salama zaidi. Onyo likaanza kutolewa katika 3.11 mwaka 2022, na Oktoba 2024 toleo la 3.13 likatoka bila moduli 19.

Babu yangu alikuwa anaanika betri za redio juani ili apate taarifa ya habari ya siku mbili zaidi. Zilimsaidia, mpaka moja ilipovuja na kula vyuma vya redio yenyewe. Hiyo redio nimeikumbuka sana wiki hii.

Saa 12:50 asubuhi

Mwendokasi umejaa hadi mlangoni. Nimesimama hadi Shekilango.

Saa 2:15 asubuhi

Ofisini Sinza. Kabla ya kugusa mstari wowote natafuta katika faili zote ni wapi moduli zilizoondolewa zimeitwa. Zimetoka tano: cgi, crypt, imghdr, pipes na distutils. Hiyo ya mwisho haimo kwenye zile 19. Iliondolewa mwaka mmoja kabla, katika 3.12.

Kijana wetu wa mafunzo kwa vitendo anauliza, "Dada, mbona miaka yote hii hatukuwahi kuona onyo?" Swali zuri. Sisi tulikuwa 3.9, na onyo la moduli kama cgi lilianza 3.11. Anayeruka matoleo manne kwa mpigo haonywi, anakuta ukuta. Tena hata kwenye matoleo yenye onyo, Python kwa kawaida hulificha likitokea ndani ya moduli nyingine, usipoomba kuonyeshwa. Kwa hiyo tunapitia 3.12 kwanza, tukiwa tumeiamuru ihesabu kila onyo kuwa kosa. Maktaba tunazozitegemea, yaani msimbo ulioandikwa na wengine, nazo zinaanza kujitaja zenyewe, zile zinazoita moduli hizo kwa ndani bila sisi kujua. Kwangu hatua hii ya katikati ndiyo bora kuliko zote katika kazi ya namna hii, na watu wengi huiruka.

Saa 3:05 asubuhi

Mbili zinaondoka haraka, na hazihitaji maktaba ya mtu yeyote. Kutoka pipes tulikuwa tunatumia kazi moja tu, yaani kipande kifupi cha msimbo, ya kuweka alama za nukuu kwenye amri. Ipo ndani ya shlex, moduli nyingine ya Python ambayo iko hai. Mstari mmoja umebadilika, basi.

Kutoka distutils tulikuwa tunachukua kitu kidogo zaidi: kugeuza maneno kama "yes" au "true" ya kwenye faili la mipangilio kuwa ndiyo au hapana. Nimeandika kazi yetu wenyewe, mistari minane. Hapa nimempa kijana somo lililonigharimu usiku mzima mwaka jana kwenye mradi mwingine. Kwenye kompyuta yangu distutils ilikuwa bado inaitika, kwenye seva haiitiki. Kumbe setuptools, maktaba ya kufungashia programu za Python, inabeba nakala yake na kuiweka mahali pa ile ya zamani. Mimi nilikuwa nayo. Seva, yenye mazingira mapya ya 3.12, haikuwa nayo, kwa sababu tangu toleo hilo haisakinishwi yenyewe. Kitu kikifanya kazi kwako bado hujajua ni nani anayekifanya kifanye kazi.

Saa 4:00 hadi saa 6:40 mchana

Huu ndio mwili wa siku: cgi.

Mfumo uliandikwa na mtu aliyenitangulia, bila kiunzi chochote cha tovuti. Kila fomu anayojaza mwanachama inasomwa na FieldStorage ya cgi, kuanzia maombi ya mkopo, mabadiliko ya anwani, mpaka kupakia picha. Badala yake nimechagua maktaba iitwayo multipart. Ni faili moja la Python, haitegemei maktaba nyingine, na nimeusoma msimbo wake wote kwa muda wa vikombe viwili vya chai. Maktaba ninayoweza kuisoma yote naiamini kuliko yenye sifa kubwa nisiyoweza kuimaliza.

Nikaisakinisha, nikaendesha, ikagoma: haijui parse_form_data, kazi yake ya kusoma fomu, wakati nimeiona kwa macho yangu kwenye msimbo. Nusu saa imepotea hapo. Mwisho nikauliza Python inaitoa wapi hiyo multipart. Ikanionyesha maktaba nyingine kabisa, python-multipart, iliyoletwa na kipande kingine cha mfumo wetu. Majina tofauti dukani, yaani mtandaoni zinakopakuliwa, lakini zikishaingia ndani zote mbili ziliitikia jina moja. Ya pili ilibadilisha jina lake la ndani mwaka 2024, katika toleo 0.0.13, sisi tulikuwa na la nyuma ya hapo. Nikaisogeza mbele na ugomvi ukaisha. Ni kama mtaa wenye Mama Juma wawili: mzigo unafika, mlango sio.

Kisha majaribio yakapita yote, isipokuwa moja.

Jaribio hilo niliandika mwenyewe miaka miwili iliyopita, baada ya karani mmoja kulalamika. Linamchukua mwanachama anayebadilisha anwani na kuacha wazi sehemu ya simu ya mrithi, halafu linahakikisha namba ya zamani ya mrithi haijaguswa. Sasa limeshindwa. Namba imefutika.

Nikatulia. FieldStorage, kwa fomu za kawaida zisizo na faili, ilikuwa inaitupa kila sehemu iliyoachwa tupu. Msimbo wetu haukuiona, kwa hiyo haukugusa namba ya zamani. Maktaba mpya inaileta kama maandishi matupu, nasi tunayaandika matupu hayohayo juu ya namba ya mrithi. Maktaba haijakosea, inasema kweli zaidi kuliko ya zamani. Waliokosea ni sisi, tuliojenga juu ya tabia ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeiandika popote.

Fikiria jaribio lile lisingekuwepo. Kila mwalimu ambaye angebadilisha anwani angefuta, bila kujua, njia ya kumpata mjane wake. Hakuna kosa ambalo lingeonekana kwenye skrini. Tungegundua msibani.

Sikuirekebisha kwa mstari mmoja. Nimepitia fomu zote 11, moja baada ya nyingine, nikiuliza: tupu hapa maana yake ni nini? Kwenye fomu tisa maana yake ni "acha kama kilivyo". Kwenye mbili ni "futa", na tangu mwanzo hazikuwa zinafuta. Nimeyaandika majibu hayo ndani ya faili moja letu, na faili hilo ndilo pekee linaloijua multipart. Sehemu nyingine zote zinaongea na faili hilo. Ikifika siku ya kuiondoa, mlango wa kugonga utakuwa mmoja.

Saa 7:10 mchana

Wali maharage na mchicha kwa mama ntilie. Kijana ananiuliza kwa nini hatukusakinisha tu legacy-cgi, ambayo ni moduli ileile ya zamani iliyonakiliwa na kuwekwa nje, tusingebadilisha chochote. Nikamwambia wapo wanaoihitaji kweli, wenye mfumo mkubwa na wiki moja mkononi, na waliojitolea kuitunza wanastahili shukrani. Ila sisi tuna muda, na tukifanya hivyo tutakuwa tumeianika betri juani. Akacheka, maana asubuhi nilishamsimulia habari ya babu.

Saa 8:00 mchana

Sasa crypt, yaani nywila za wanachama. Mikono inakuwa mizito kidogo.

Nywila haihifadhiwi ilivyo, inasagwa. Na unga haurudi kuwa mahindi, kwa hiyo siwezi kuzichukua nywila za zamani na kuzisaga upya kwa njia mpya. Lazima nibaki na uwezo wa kukagua unga wa zamani mpaka kila mtu aingie mara moja. Akishaingia na nywila yake ikakubaliwa, wakati huohuo naisaga upya.

Wengi wangetaja passlib. Nimeitumia na naipenda, lakini toleo lake la mwisho ni la Oktoba 2020, na kwa ndani nayo inaiita crypt ileile inayoondoka. Sihami kutoka chumba kinachobomolewa kwenda chumba kisicho na mwenyewe. Nimechukua argon2-cffi kwa kusaga upya. Argon2 ndiyo iliyoshinda shindano la kimataifa la njia za kulinda nywila mwaka 2015. Kwa kukagua za zamani nimechukua crypt_r, ambayo ni tawi la crypt yenyewe na imetajwa kwenye maelezo rasmi ya 3.13. Hii ya pili ni mgeni wa muda: baada ya mwaka mmoja naitoa, na watakaokuwa hawajaingia watatengeneza nywila mpya ofisini kwao.

Kuna jambo moja ambalo ningelisahau kama nisingewahi kuumia nalo. Argon2 hula kumbukumbu kwa makusudi, ili mwizi asiweze kujaribu nywila nyingi kwa bei rahisi. Kwa mipangilio ya kawaida ya argon2-cffi, kila anayeingia anachukua megabaiti 64. Seva ya SACCOS ina gigabaiti moja. Siku ya mshahara walimu 15 wakibonyeza pamoja, seva inalala chali. Mwongozo wa OWASP, shirika la usalama wa programu za mtandaoni, unakubali kuanzia megabaiti 19 kwa mizunguko miwili. Nimeweka hivyo, nikajaribu na watu 20 wa bandia kwa pamoja, ikasimama.

Saa 10:20 jioni

Imebaki imghdr, ya kutambua aina ya picha. Niliiacha mwisho nikidhani ni nyepesi, na kwa kazi ni nyepesi kweli: nimeweka maktaba iitwayo filetype, mistari mitatu. Lakini nina kawaida ya kusoma ya zamani ilifanya nini kabla ya kuitupa, na hapo nikakuta jibu la malalamiko ya miaka mingi.

Katika 3.9, imghdr haikuikubali JPEG mpaka ikute neno JFIF au Exif baada ya baiti sita za mwanzo. Zipo JPEG halali kabisa zisizo na neno hilo. Filetype inatazama baiti tatu za kwanza tu. Nikampigia karani wa SACCOS, Morogoro.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

Nikamwomba anitumie moja ya picha ambazo mfumo humwambia kila siku kwamba hazifai. Akaituma: mzee mmoja mstaafu, suti ya kijivu, imetoka kwenye skana ya ofisi yao. Nikaifungua baiti kwa baiti. Haina JFIF, haina Exif. Picha nzima kabisa. Miaka yote hii yule mama amekuwa akiziweka mezani na kuzipiga picha upya kwa simu, na ndiyo maana wazee wote kwenye mfumo wana sura za ukungu. Sisi tulikuwa tunamjibu kwamba skana yao ni mbovu.

Saa 11:15 jioni

Nafunga matoleo ya maktaba zote pamoja na alama zake za utambulisho, ili pip, chombo cha kusakinisha maktaba za Python, ikatae faili lolote lililobadilika hata baiti moja. Hii haiwezi kumzuia mtunzaji mwenye nia mbaya kutoa toleo jipya lenye sumu. Machi 2024 Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, baada ya kuona kuingia kwenye seva kunachelewa kuliko kawaida, na mlango huo uliwekwa na mtu aliyekuwa amepewa haki za kuitunza. Kufunga matoleo kunanipa nafasi ya kusoma kabla ya kukaribisha. Kando ya kila maktaba nimeandika jina la nani kati yetu ataikagua kila baada ya miezi mitatu. Mbili ni za kijana. Ameuliza kama anaweza kuichukua na ya tatu.

Saa 12:05 jioni

Nimeweka kila kitu kwenye seva ya majaribio na kumtumia mama karani anwani. Dakika kumi, kimya. Kisha simu.

"Imekubali, mwanangu. Yule mzee ameingia. Anaonekana mpaka tai."

Nikamwomba radhi kwa yale tuliyomwambia kuhusu skana. Akanyamaza kidogo, akasema yameisha, halafu akaongeza kwamba ana bahasha nzima ya waliokataliwa, ameitunza kabatini. Je, aanze kesho? Nimemwambia asubiri Jumamosi usiku, tukihamisha seva yenyewe, ili asirudie kazi mara ya tatu.

Nimezima kompyuta. Foleni ya kurudi Kimara imeshaanza.