Nilivyoihamishia simulizi yangu kwenye simu ya msomaji

Msomaji wangu wa leo anasoma akiwa amesimama ndani ya basi la Mwendokasi, Dar es Salaam, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umeshika simu. Kati ya Kimara na Kivukoni anamaliza sehemu moja, na akikutana na aya nzito mwanzoni anahamia kundi jingine la WhatsApp lenye simulizi nyingine. Mimi nilijifunza kutunga katika magazeti ya wiki ya miaka ya 2000, yale ambayo mtu aliyanunua, akayabeba nyumbani, akayasoma jioni hadi matangazo. Wakati ule kuanza na mandhari ilikuwa halali kabisa.

Simulizi yangu ya Mwanaidi ilianza hivi: "Jua lilikuwa likizama taratibu nyuma ya milima ya Usambara, likiyapaka mashamba rangi ya dhahabu, ndipo Mwanaidi alipotoka nyumbani kwake akiwa na majonzi makubwa moyoni." Nilipotaka kuirusha WhatsApp, niliiandika upya ianzie benki, pale Lushoto mjini:

"Hii saini si yangu," Mwanaidi alimwambia ofisa mikopo, akamrudishia karatasi.

Hapo hapo msomaji anauliza: nani kasaini? Usambara haikupotea. Ilikuja sehemu ya tatu, Mwanaidi akiwa ndani ya Coaster anateremka kwenda Mombo, matuta ya kabichi yanapita dirishani, Soni inapita, na kila kona inazidi kumtenga na nyumba aliyoijenga kwa jasho lake, ambayo sasa imewekwa rehani. Nasikia watunzi wenzangu wakisema vijana hawataki tena maelezo ya mandhari. Sikubaliani nao. Wanayasoma, tena kwa makini, mradi ndani yake awepo mtu wanayemhofia.

Lililonibadilisha kuliko yote ni mhusika wa kike. Katika hadithi nyingi tulizokulia, mwanamke aliyedhulumiwa alilia, akavumilia, kisha akatokea mwanamume mwema akamwokoa. Wasomaji wangu hawalikubali hilo, na mimi nafurahi hawalikubali. Nilipotuma sehemu ambayo Mwanaidi anagundua kwamba mumewe ndiye aliyeghushi saini ile, majibu yalimiminika, mengi ya kina mama: "Mtunzi, asilie huyo! Aende kwa wakili!" Dada mmoja anayefanya kazi za sheria akanielekeza kwenye kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kinachomzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Nikakisoma, nikakirudia, na nusu ya pili ya simulizi ikajengwa juu yake. Mwanaidi anasimama mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, anaombwa aandike jina lake mbele ya watu wote, na mumewe anatazama chini. Nimewahi kuandika risasi na waganga. Hakuna kilichowahi kuwabana wasomaji kama kalamu ile.

Mazungumzo nayo yamebadilika. Vijana wangu katika simulizi wanatumiana meseji, na tiki mbili za buluu zisizofuatwa na jibu zina uchungu wa kutosha kufunga tukio. Msamiati wa mtaani nautumia kwa kipimo, maana neno linalotamba Kariakoo leo mwakani litakuwa limechuja. Methali nimeziacha kwa bibi yake Mwanaidi. Yeye anazungumza hivyo, na wasomaji wanampenda.

Kuna wanaosikiliza badala ya kusoma: fundi cherehani, mama lishe, dereva wa usiku. Kwao narekodi sauti. Sikioni Mwanaidi na mdogo wake Mwanahamisi walichanganyana, basi mdogo mtu akawa Zubeda, na kwenye rekodi "akasema" natanguliza kabla ya maneno yenyewe ili ajulikane nani anaongea.

Kuhusu "itaendelea", wasomaji hulalamika kuwa nawaachia arosto, ile kiu ya kutaka zaidi. Ninakatisha pale ambapo mhusika ameshaamua lakini matokeo hayajaonekana. Bastola kichwani ambayo kesho yake inakuwa ndoto siiandiki; mtu aliyelipa kwa M-Pesa kusubiri sehemu ijayo anastahili heshima. Sehemu za mwanzo natoa bure, zinazofuata ni za kundi la malipo. Wapo wanaonakili na kusambaza, kwa hiyo jina langu na namba ya simu naviweka katikati ya sehemu, ambako ni kazi zaidi kuvikata.

Sasa naziunganisha sehemu hizo ziwe kitabu. Vile vikumbusho vya "ilipoishia" nimevifuta vyote, sehemu tatu au nne zinaungana kuwa sura pale zinapokubali, na kesi ya Mwanaidi, ambayo kwenye simu niliikatakata, itasomeka mfululizo kutoka shahidi wa kwanza hadi hukumu.