Vishimo Viwili vya Mdomo wa Chini

Mwanangu alizaliwa akiwa na mdomo mzima, na kwa sababu hiyo hakuna aliyemtazama ndani ya kinywa kabla hatujaruhusiwa kurudi nyumbani Chamwino. Kufikia siku ya tatu maziwa yalikuwa yakimtokea puani, na kila nilipomnyonyesha alivuta kwa muda mrefu, akachoka, akalala na njaa yake. Muuguzi wa zahanati alimmulika kwa tochi ya simu, akaniita nione: kaakaa lilikuwa wazi upande wa nyuma, na mtoto wa namna hiyo hawezi kufyonza kwa kuwa hewa hupita kati ya kinywa na pua.

Tangu siku hiyo nilikamua maziwa kwenye kikombe kilichochemshwa na kumnywesha kwa kijiko, nimemkalisha wima mapajani, matone machache kwa wakati, nikingoja ameze, kisha nikimcheulisha mara kwa mara kwa sababu humeza hewa nyingi. Mama mkwe, ambaye mwanzoni alishikilia kwamba kisa cha yote ni mimi kutazama mwezi ulipopatwa nikiwa mjamzito, ndiye aliyekuwa na mkono mtulivu kutuzidi sote usiku wa manane.

Daktari tuliyepelekwa kwake kupanga upasuaji alinitazama mimi kwanza. Nina vishimo viwili kwenye mdomo wa chini, ambavyo hutoa majimaji kidogo. Marehemu baba alikuwa navyo, na nyumbani tulivihesabu kuwa alama ya ukoo. Mtoto naye anavyo, vidogo mno, nami nilidhani ni mikunjo ya ngozi. Daktari alieleza kwamba hiyo ni sindromu ya Van der Woude, yaani mkusanyiko wa dalili unaorithiwa, ambayo mara nyingi hutokana na hitilafu katika jeni iitwayo IRF6, na kwamba kila mtoto nitakayemzaa ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi. Katika ukoo mmoja huyu hupata vishimo tu, yule mdomo sungura, yaani mdomo wa juu uliopasuka, mwingine kaakaa wazi. Basi mwezi ukasamehewa, nikabaki mimi. Nakiri kwamba faraja hiyo ilichelewa kunifikia.

Alifanyiwa upasuaji akiwa na miezi kumi na moja. Wiki hiyohiyo nilimpigia simu mdogo wangu aliyeko Kondoa, ambaye ana vishimo kama vyangu na mkewe alikuwa mjamzito. “Dada, mimi mbona mzima?” aliuliza. Nilimwambia kwamba hata mimi ni mzima, ila siku mtoto atakapozaliwa aombe afunguliwe kinywa na kumulikwa hadi nyuma ya kaakaa, kabla hawajatoka wodini.