Jumamosi tuliyong'oa pointi

Baba alikuwa na kadi ya mchango wa harusi aliyoitunza kwenye rafu ya chini ya dashibodi. Harusi yenyewe ilishapita zamani na wenye harusi walikuwa na watoto wa shule, lakini kadi haikutupwa, kwa sababu ukiikunja mara moja unene wake unatosha kupimia mwanya wa pointi za Land Rover, zile ncha mbili za chuma zinazokata na kuunganisha umeme ili plagi ipate cheche. Kipimo chenyewe ni milimita 0.35 mpaka 0.40. Vipimo vya chuma alikuwa navyo nyumbani Lushoto, vimefungwa kwenye kitambaa chenye oili. Kadi ilikuwa ya njiani.

Kadi hiyo ilituokoa usiku mmoja wa Aprili 2008. Tulikuwa tunapanda kutoka Mombo, mifuko miwili ya mbolea nyuma, Mama katikati yetu mbele, mvua ya masika inapiga kama imetumwa. Gari lilikuwa Series III ya mwaka 1978, ile fupi yenye injini ya petroli ya lita 2.25, ambayo Baba aliinunua kwenye mnada wa magari chakavu ya mradi mmoja wa misitu. Kabla ya kufika Soni, kwenye kona ambayo upande mmoja ni mwamba na upande wa pili ni korongo, injini ikakohoa mara mbili, ikazima.

Mama akavua khanga yake moja bila kuambiwa. Nikaitandaza kama hema juu ya distribyuta, kifaa kinachobeba pointi na kugawa umeme kwa plagi, tochi nimeibana kwa meno, na Baba akafungua kifuniko. Pointi zilikuwa zimegusana na hazifunguki. Kisigino chake, kile kipande kigumu kinachosuguana na kamu, yaani mhimili unaozunguka na kuzifungua pointi, kilikuwa kimelika. Ndivyo pointi zinavyokufa: kisigino kinalika, mwanya unapungua, cheche inachelewa kidogo kidogo bila wewe kugundua, gari linakuwa zito mlimani, halafu siku moja mwanya unakwisha kabisa. Na si ajabu zikilika. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi zinafunguka na kufunga mara 6,000 katika dakika hiyo hiyo.

Baba alilegeza skrubu, akaingiza kadi, akakaza, akaichomoa. Gari likawaka. Lakini mimi sikulala usiku ule. Ile kona niliiona ukutani mpaka alfajiri. Nikaapa pointi zile zitatoka.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi Dar es Salaam. Niliagiza kifaa cha kielektroniki kutoka Uingereza, kikaja na mtu aliyekuwa anarudi likizo: moduli nyeusi inayoenea kwenye kiganja cha mtoto, nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, na pete ya plastiki yenye sumaku nne ndani yake. Pete inavaa kwenye kamu chini ya rota, kile kipande kinachozunguka kugawa umeme. Kila sumaku inapopita mbele ya moduli, umeme wa koili, ile inayoukuza umeme wa betri, unakatwa na cheche inaruka kwenye plagi. Hakuna kinachogusana, kwa hiyo hakuna kinacholika. Kondensa nayo inatoka, maana kazi yake ilikuwa kuzuia pointi zisiungue kwa cheche zao zenyewe.

Nilifika nacho nyumbani Desemba. Baba alikigeuza geuza juani, akanirudishia.

"Pointi nikiziangalia tu najua zinaumwa nini," alisema. "Hiki kikiumwa kitaniambia nini?"

Sikuwa na jibu la maana, na mpaka leo naona hoja ile ilikuwa nzito. Pointi zina huruma. Zinakupa dalili wiki kadhaa kabla, na ukiwa na msasa na bisibisi unafika nyumbani. Moduli ikifa imekufa, na duka lake liko ng'ambo ya bahari. Nilimwambia tu kwamba sitaki Mama akae tena kwenye kona ile usiku. Akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, lete spana."

Kazi yenyewe ilikuwa ya chini ya saa moja. Tulichomoa waya hasi wa betri, tukafungua kifuniko, tukavuta rota, skrubu moja ikatoa pointi, nyingine ikatoa kondensa. Nilipima koili kwanza, mita ikasoma omu 3.1. Hilo ni jambo la kuangalia kabla ya yote, kwa sababu koili yenye ukinzani mdogo, ile ya omu 1.5, inavuta umeme mwingi na kuichemsha moduli. Waya mwekundu ukaenda kwenye chanya ya koili, mweusi kwenye hasi. Nikamwonya Baba asiache swichi imewashwa wakati injini imezimwa, moduli inaweza kuungua. Akakata kipande cha plasta, akaandika kwa kalamu USIACHE SWICHI, akakibandika kwenye dashibodi. Kipande hicho kipo hadi leo, wino umekuwa wa kahawia.

Gari liliwaka kwa stata moja. Sailensa, yaani mzunguko wa injini kabla hujakanyaga mafuta, ikatulia, muungurumo ukawa laini hata Mama akachungulia kutoka jikoni. Nilifurahi mno. Nikakanyaga mafuta, na injini ikakatika, ikapiga mlipuko kwenye ekzosi, kuku wakatawanyika uani. Nikajaribu tena, yakawa yale yale. Sailensa safi, ukikanyaga inakata.

Nilianza kufungua nyaya za moduli ili nirudishe pointi. Baba akanishika mkono. Hakusema kitu. Aliliwasha gari likabaki sailensa, akachomoa mpira mwembamba unaotoka kwenye kabureta kwenda kwenye kile kikopo cha pembeni mwa distribyuta, akautia mdomoni, akanyonya.

Injini ikazima palepale.

Kikopo kile kina utando ndani. Injini inaponyonya hewa, utando unavuta sahani ambayo pointi au moduli imekaa juu yake, ili cheche iwahi. Baba alikuwa ameivuta sahani kwa pumzi yake. Alipaswa kusikia injini ikipanda kidogo, akasikia kifo. "Kuna kitu kinakatika sahani ikisogea," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa anatabasamu.

Tukafungua tena. Kutoka kwenye sahani kuna waya mfupi, si mrefu kuliko kidole, unaokwenda kwenye mwili wa distribyuta. Umevikwa kitambaa na ndio unaoipa sahani hasi yake. Kwa nje ulikuwa mzima. Baba aliushika kwa kucha mbili na kuuvuta taratibu, kitambaa kikanyooka kama soksi isiyo na mguu. Ndani nyuzi zote za shaba zilikuwa zimekatika, ncha zake nyeusi, zinagusana zikitaka na kuachana zikitaka.

Moduli inapata hasi yake kupitia sahani hiyo. Pointi nazo vivyo hivyo. Nikakumbuka miezi mingi ya gari kushtuka shtuka mlimani, na sisi tunasugua pointi kwa msasa na kubadilisha kondensa. Usiku wa Soni pointi zilikuwa na kosa lao, nalikiri. Makosa mengine mengi tulizisingizia.

Baba alikata waya laini kutoka kwenye spika ya redio mbovu, wenye nyuzi nyingi nyembamba ili usikatike kwa kupindwa, mimi nikauunga kwa risasi ya kulehemu. Taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, aliiweka yeye kwa sikio, akaenda kuithibitisha kwenye mlima wa kwenda Magamba, akirudisha distribyuta nyuma unywele mmoja mmoja mpaka injini ikaacha kugonga. Pointi za zamani, kondensa yake, bisibisi fupi na ile kadi vikaingia kwenye kopo chini ya kiti. Hapo hakutaka mjadala.

Masika yaliyofuata tulipanda tena kutoka Mombo, usiku, mvua ile ile. Tulipoikaribia kona, Baba akapunguza mwendo, akazima feni, akainamisha kichwa kusikiliza. Injini ilikuwa inavuta bila kukosa hata pigo moja. Akakanyaga mafuta.

Nilipogeuka, Mama alikuwa tayari ameshika khanga mkononi.