Kisu cha kwanza cha Neema

Binti yangu Neema anatimiza miaka tisa mwezi ujao na ameshasema anachotaka: kisu cha kukunja, cha kwake mwenyewe. Yuko skauti shuleni, na likizo hii kikosi chao kinakwenda kupiga kambi. Mama yake kasema mimi ndiye niliyeyaanza haya, kwa hiyo niyamalize mwenyewe.

Mimi ni mpishi wa wapanda mlima Kilimanjaro. Siku zangu nyingi zinapita kwenye hema la jiko, kambi ya Shira au Barranco, namenya viazi na karoti huku vidole vimekufa ganzi. Visu nimeviona vya kila namna kwa sababu wageni huja navyo, na wengine huviacha. Mtu yuko njiani kwenda uwanja wa ndege wa KIA na begi la mkononi tu, ndipo anakumbuka kwamba kisu hakipandi naye kwenye ndege. Anampa dereva, au mwongoza wageni, au sisi wa jikoni tuliompikia supu. Ndiyo maana Moshi hukosi mtu mwenye kisu chekundu cha Uswisi mfukoni.

Na kila niliyemuuliza kanijibu hicho hicho: mnunulie kile chekundu. Sina ugomvi nacho. Victorinox wanaokitengeneza wametoka mbali, karakana ya Karl Elsener ilifunguliwa mwaka 1884, na kisu chao cha maofisa wa jeshi kilisajiliwa mwaka 1897. Changu kimefungua makopo mengi ya maharage. Lakini tazama kinavyofanya kazi. Bapa la kile cha kawaida halina kufuli, linashikiliwa na springi ya mgongoni tu. Ukikata kawaida, nguvu yako inalisukuma lizidi kufunguka, kwa hiyo hakuna tatizo. Tatizo linakuja pale mtu anapochomeka ncha kwenye mti na kuzungusha ili atoboe tundu, na mtoto gani mwenye kisu kipya hatatoboa tundu? Hapo bapa linajifunga, na vidole viko njiani. Wanalo toleo la watoto lenye ncha ya mviringo, zuri tu, ila ncha ya mviringo haizuii kisu kujifunga.

Tena usidanganywe na vile vya bei ya karanga vyenye zana kumi na tano. Kishike, kifungue, kisha lisukume bapa kushoto na kulia kwa kidole gumba. Likichezacheza, mrudishie mwenye duka.

Jioni moja nilimpa Neema visu viwili vikiwa vimefungwa, changu na cha mwenzangu mmoja wa kazini, nikakaa pembeni nione. Chekundu kilimshinda. Alitia ukucha kwenye kile kijifereji, akavuta, springi ikagoma. Akakibana katikati ya magoti. Kisha nikaona anakipeleka mdomoni, nikakichukua. Kisu ambacho mtoto hawezi kukifungua mwenyewe kwa vidole vyake si cha kwake bado, hata kiwe kizuri vipi, maana siku usipokuwepo atatumia meno.

Cha mwenzangu ni Opinel, kisu cha Wafaransa wa Savoie, wanakitengeneza tangu 1890. Hakina mbwembwe: mpini wa mti, bapa, na pete ya chuma shingoni. Hakina springi ya kupigana nayo. Ukishalifungua bapa unaizungusha ile pete, basi, halirudi mpaka uizungushe tena. Pete hiyo ilianza mwaka 1955. Neema aliiweza, ila alilazimika kusimama, atulie, atumie mikono miwili, na mimi hicho ndicho nilichokipenda. Kumbe wanacho na cha watoto, namba 7, bapa la sentimita 8 lenye ncha ya mviringo na chuma kisichoshika kutu. Mgeni mmoja wa zamani anakuja mwezi huu, nimemwomba aniletee.

Kasoro yake naijua. Mpini ni mti, na mti ukila unyevu unavimba. Siku ukipita msitu wa Machame mvua inanyesha tangu getini, jioni bapa limeng'ang'ania humo ndani halitoki. Dawa yake ni kuhakikisha pete haijafunga, kisha unagonga kitako cha mpini kwenye jiwe, bapa linachungulia. Na usikiloweke kwenye beseni la vyombo.

Kama ningeulizwa kuhusu usalama wa vidole peke yake, ningechagua kisu kisichokunjwa kabisa, kama vile vya Mora vya Sweden vyenye ala na kizuizi mbele ya mpini. Kisichokunjwa hakiwezi kukufungia vidole. Lakini mtoto wa miaka tisa aning'inize kisu kiunoni stendi ya daladala? Hapana. Cha kukunja nitambebea mimi na kumkabidhi kiongozi wao kambini, shuleni hakiendi.

Mama Neema alitaka tukifute makali kidogo. Tulibishana. Ncha butu sawa, makali butu sikubali: kisu kisichokata kinadai nguvu, na ukitia nguvu kinateleza. Wapishi tunajikata na visu vibovu kuliko vizuri. Nitamfundisha kukinoa kwenye kinoo, taratibu, kwa maji.

Masharti nimeshampa. Kabla ya kufungua, anyooshe mkono wenye kisu kilichofungwa azunguke. Akimgusa mtu, asogee. Anapochonga, akae chini, viwiko juu ya magoti, akate kuelekea nje mbele ya magoti, kamwe si katikati ya mapaja, kwa sababu ndani ya paja unapita mshipa mkubwa wa damu. Hatembei na kisu kilicho wazi. Kumpa mwenzake, anakifunga kwanza.

Sharti lingine ni la huku kwetu: asichonge mnyaa. Vijiti vyake vya ua ni laini na vinavutia mkono wa mtoto, lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaunguza vibaya, unaweza hata kupofusha. Nimemwonyesha ua wa jirani. Achonge mparachichi au mgrivilea mbichi uliodondoka.

Akaniuliza kama anaweza kuchonga kijiko. Mpini ndiyo, shimo hapana, maana shimo la kijiko linataka kisu kilichopinda na hicho sijakubali. Ameanza kumshawishi bibi yake.