Visanamu vyetu vya angani: nilivyotambua kila kimoja kimetoka wapi

Ukitaka kujua kisanamu cha zamani cha michezo ya vita ya mezani kilitengenezwa na nani, usihangaike na uso wake. Kigeuze uangalie miguuni.

Vyangu vilikuwa ndani ya kopo la biskuti, darini kwa wazazi wangu huku Leicester, Uingereza, tangu mimi na kaka tulipoacha kuvichezea. Askari wa angani, majitu ya kijani, vibushuti wenye ndevu na bunduki, roboti. Bibi alipokuja kututembelea kutoka Unguja aliwahi kuvikuta mezani akauliza, "Nyie wanangu, mbona mnafuga mashetani?"

Shida ilikuwa rangi. Tulivipaka rangi ya mafuta ya Humbrol, tabaka juu ya tabaka (kaka hakuwa na rangi nyingine ila nyekundu), mpaka maandishi yote ya watengenezaji yakazibwa. Vile vya madini ya risasi nikavitumbukiza kwenye Dettol isiyotiwa maji, nikafunika, vikalala humo usiku kucha. Asubuhi nikavaa glovu, nikafungua dirisha, nikasugua kwa mswaki mkuukuu niliokuwa nauchovya kwenye Dettol hiyo hiyo. Maji yasikaribie kwanza: yakikutana na Dettol na rangi iliyolainika, unapata uchafu unaonata kama ulimbo, na kuutoa kwenye mikunjo ya nguo za kisanamu ni kazi ya adhabu. Rangi ikishatoka yote, ndipo sabuni ya vyombo na maji. Nyumba ilinuka zahanati, lakini herufi zikaanza kuonekana.

Katikati ya miaka ya themanini Citadel, chapa ya visanamu ya Games Workshop, kampuni ya michezo ya Uingereza, walianza kuvitoa vikiwa na ulimi mwembamba chini ya miguu, unaochomekwa kwenye ufa wa kitako cha plastiki. Ulimi huo ndio cheti cha kuzaliwa. Nilivichomoa vitakoni taratibu, nikaiweka tochi ya simu ubavuni badala ya juu, herufi zikatupa kivuli: GW, mwaka, na vingine hata jina. Wale vibushuti ni Squats wa Warhammer 40,000, mchezo uliotoka 1987. Waliondolewa mchezoni miaka ya tisini, wakarudishwa 2022 kwa jina la Leagues of Votann. Wapwa zangu wanao hao wapya, na hawakuamini kwamba wajomba zao walikuwa na mababu zao koponi.

Vya plastiki havikunipa tabu. Kofia yenye mdomo wa ndege inatosha: ni askari wa boksi la Warhammer 40,000 lenye namba RTB01, lililouzwa likiwa na askari 30. Na yule wa risasi mwenye sanamu ya ndege tai begani ni Judge Dredd, jaji wa hadithi za katuni, au jaji mwenzake. Games Workshop walitoa mchezo wake wa kuigiza wahusika 1985.

Vilivyobaki havina ulimi; kitako na miguu vimemiminwa pamoja, kipande kimoja. Hapo unatazama chini kabisa, maana Wamarekani kama Ral Partha wa Cincinnati na Grenadier walikuwa na desturi ya kuandika jina lao humo. Kisipokuwa na neno, ninapima kutoka unyayo hadi macho. Cha milimita 15 na cha 25 si ukoo mmoja, kwa hiyo nusu ya kazi imekwisha. Kisha nafunua matangazo katika nakala za zamani za White Dwarf, jarida la Games Workshop, nikilinganisha silaha na mikao. Sura hazisaidii, wachongaji wa wakati ule walichonga sura moja mara elfu.

Roboti mmoja bado amenishinda. Kaka anadai hakununuliwa, tulimbadilisha kwa gololi na mtoto wa jirani.

Sasa wote wamo kwenye boksi la plastiki lenye sponji. Kabati la mwaloni nimelikwepa: mti huo hutoa mvuke wa asidi unaokula risasi, ikaota unga mweupe, na unga huo ni sumu, usiupulize wala usiuguse kwa mkono mtupu.